Kidole cha Nne

Bariadi,
11 Machi 2023

Kwa Mheshimiwa Josia Mwandu,

Nakuandikia barua kwa sababu simu ungeikata, halafu useme mtandao wa Bariadi ni mbovu.

Kwanza, hongera. Nimeliona toleo lako. Limefika hapa kwa Nasrin, binti wa Hamimu mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi. Nasrin anajiandaa kwa mtihani wa piano, na baba yake alimwagizia kitabu kutoka Ujerumani baada ya mimi kulalamika kwamba fotokopi zinaniua macho. Kitabu kizuri. Karatasi nene rangi ya maziwa, noti zimepewa nafasi ya kupumua, na ukurasa unageuzwa pale ambapo mkono una nafasi ya kuugeuza. Vipande sita vya piano vya Ottmar Vessling, mtunzi ambaye wewe na mimi tulimpenda wakati hata Wajerumani wenzake walikuwa wamemsahau. Toleo la kitaalamu, wanasema, lililofuata mwandiko wa mtunzi mwenyewe. Huko mwisho Dkt. Reinhild Kascher, mhariri, anaeleza kila nukta: hii ipo kwenye mwandiko, ile iliongezwa na mchapishaji wa zamani, hii huenda ni wino uliodondoka tu. Nimemheshimu mama huyo.

Kisha nikasoma chini ya jina lake: "Vidole: Josia Mwandu."

Nasrin aliuliza maana yake. Nikamweleza kwamba mhariri anasema noti ni zipi, halafu mpiga piano anaweka namba juu ya noti, kuonyesha kidole gani kipige wapi. Gumba ni moja, kidole kidogo ni tano. "Kazi hiyo," nikamwambia, "anapewa mtu anayejua kupiga." Nilisema hivyo bila kucheka. Najisifu kwa hilo.

Josia, mimi nilikusikia ukipiga miaka yote tuliyosoma pamoja Mwanza. Ulipiga piano kama mtu anayefukuza kuku ukumbini.

Swali langu ni moja. Katika mkono wa kushoto, kitabu kizima, namba nne haipo. Nimetafuta kwa miwani na bila miwani. Moja, mbili, tatu, tano. Wewe una vidole vizima. Kidole chako cha pete kimekukosea nini?

Nasubiri jibu la kitaalamu.

Domitila Maige,
Mwalimu wa piano, Somanda, Bariadi.


Dar es Salaam,
2 Aprili 2023

Mpendwa Mwalimu Domitila,

Barua yako nimeisoma kwa tabasamu. Nimefurahi kujua bado unafundisha. Wengi wa rika letu waliorudi huko wameishia kupiga kinanda cha umeme kwenye harusi. Na kumbe Bariadi mna piano! Mimi nilidhani ni pamba na ng'ombe tu.

Kuhusu mkono wa kushoto, sishangai kwamba umeshangaa. Ni suala la falsafa ya sauti. Kidole cha nne kimaumbile ni dhaifu, kimefungwa na jirani zake, hakina uhuru. Katika besi za Vessling, ambazo ni za kuimba na si za kugongagonga, udhaifu huo unasikika. Kwa hiyo nimekiacha kwa makusudi. Dkt. Kascher ameuita uamuzi huo "shule mpya ya mkono wa kushoto". Nimeshaalikwa kuuzungumzia kwenye mikutano ya nje, na Septemba Dkt. Kascher mwenyewe atakuja Dar es Salaam tuzindue toleo. Siku hiyo nitapiga kipande cha pili mbele ya wageni.

Nakwambia haya bila majivuno. Usomi una njia zake, na mtu akiutazama kutoka mbali ni rahisi kuona vituko.

Binti huyo akishindwa, atumie tu namba nne. Hakuna atakayemkamata.

Mke wangu Nyanjige anakusalimu.

Josia E. Mwandu,
Mhadhiri Mwandamizi.


Bariadi,
15 Aprili 2023

Mhadhiri Mwandamizi,

Falsafa yako ya sauti ni kamba ya ng'ombe.

Unaijua hadithi hii lakini nitaiandika, kwa kuwa wasomi husahau. Nilikuwa msichana mdogo kule Mwamapalala. Nilikuwa naongoza dume la baba shambani, nimejiviringishia kamba kwenye mkono wa kushoto kwa uvivu. Dume likashtuka. Kamba ilinibana kidole cha pete, na tangu siku hiyo kidole hicho kimelala. Hakiinuki. Kinawafuata wenzake kama mlevi anayeshikiliwa kwenda nyumbani.

Tulipofika chuoni Mwanza, Mwalimu Machibya alikitazama akaniambia niende kwaya, kwenye piano hakuna nafasi ya mkono kama huo. Ulikuwepo. Ulitazama dirishani. Mimi sikwenda kwaya. Niliingia kile chumba cha mazoezi chenye bati linalovuja, nikachukua Vessling, toleo la zamani lenye jalada la kijani, na nikaandika upya mkono wa kushoto kwa penseli, noti baada ya noti. Pale kila mtu anapotumia cha nne nilitafuta njia ya kupita. Mara nyingine njia moja ilinichukua wiki. Wewe ndiye uliyekuwa ukinigeuzia kurasa, Josia. Watu walidhani tutaoana. Kila nikikumbuka namshukuru Mungu.

Ulipopata nafasi ya kwenda kusoma Ujerumani uliazima kitabu kile kwangu. Uliporudi ulisema begi lilipotea uwanja wa ndege. Ulikaa kwenye kiti ukainamisha kichwa, na mimi, mjinga niliyekamilika, nikakupa pole!

Kwa hiyo usiniambie umekiacha kidole cha nne kwa makusudi. Umenakili ulemavu wa mtu mwingine bila kujua ni ulemavu, kama mtu anayemwiga mzee kwa kuchechemea akidhani ndiyo heshima.

Sitaki shilingi yako. Nataka jina litoke, jina liingie.

Domitila.


Dar es Salaam,
20 Mei 2023

Dada Domitila,

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mitihani na, nikiri, kwa sababu barua yako ilinisikitisha. Umri wetu haufai kwa maneno kama hayo.

Begi lilipotea kweli. Kwamba baadaye lilipatikana ni jambo la kawaida la viwanja vya ndege. Mtu aliyepitia vitabu vingi kama mimi hawezi kusema kila wazo lilimjia kutoka wapi. Vidole si mashamba, Domitila, havina hati. Na tuseme ukweli, nani angevichapisha kutoka Somanda? Nimevitoa kwenye kivuli nikavipeleka duniani. Mwingine angeshukuru.

Hata hivyo mimi si mtu mbaya. Toleo likichapwa tena naweza kumwomba Dkt. Kascher aongeze mstari wa shukrani kwa "marafiki wa mkoa wa Simiyu". Nadhani hilo linatosha.

Jambo jingine, dogo tu, kwa udadisi. Kipande cha pili, kipimo cha arobaini na moja, pale besi inaposhuka polepole. Kidole kidogo kipo kwenye noti, kisha cha tatu kinavuka juu yake kwenda noti ya chini zaidi. Wewe wakati ule ulikuwa unavukaje bila sauti kukatika? Nauliza kwa ajili ya kumbukumbu za kitaaluma.

Josia.


Bariadi,
29 Mei 2023

Josia,

Nimecheka mpaka Nasrin akaja kuchungulia.

Hujui kukipiga! Umezunguka mikutano ukifundisha shule mpya ya mkono wa kushoto, na mkono wako mwenyewe wa kushoto haujawahi kuhudhuria. Septemba inakuja, Dkt. Kascher anakuja, na kipimo cha arobaini na moja kimekukalia kooni. Kumbukumbu za kitaaluma!

Ningeweza kukudanganya. Ningekwambia ukaze kiganja, unyanyue bega, na wewe ungekaza kiganja na kunyanyua bega mbele ya wageni wote. Nimekaa na wazo hilo tangu jana na nimelifurahia kuliko chakula. Lakini atakayeumia ni Vessling, na yeye hajanikosea.

Basi sikiliza. Kiwiko ndicho kinachoondoka kwanza, mkono unakifuata. Usinyooshe vidole. Kidole kidogo kiachie mapema, pedali itaishika noti. Umeelewa? Hukuelewa. Haiandikiki. Mimi mwenyewe nilijifunza kwa sababu sikuwa na kidole cha kunisaidia. Wewe unacho, na kila ukifika pale kitakimbilia kazi isiyo yake.

Njoo Bariadi. Nitakifunga. Nitakufundisha bure, kama ninavyowafundisha wote wasio na uwezo. Halafu Septemba, mbele ya hao wageni, utasema vidole hivi ni vya nani.

Usipokuja, kapige kinanda harusini.

Domitila.


Dar es Salaam,
17 Julai 2023

Domitila,

Nimefika salama. Vumbi la Bariadi bado linatoka kwenye masikio.

Nimekuja, nimefungwa kidole na kitambaa ulichochana kwenye shuka kuukuu, nimepigwa kiwiko kwa penseli na mwanamke wa rika langu, nimekalishwa kwenye piano yenye makopo ya maji ndani eti mbao zisipasuke na kiangazi. Hamimu alipoingia akauliza, "Mwalimu, huyu ndiye mwanafunzi mpya?" ukamjibu, "Ndiye. Ana kipaji kidogo, lakini ana nauli." Yule bwana alicheka mpaka akashika mlango. Nadhani nimelipa vya kutosha.

Kwa haki nitaandika na hili. Siku ya mwisho, ulipokuwa umetoka kumlaki mzazi wa mwanafunzi na hukuwepo kunidharau, nilivuka pale na sauti haikukatika. Besi iliimba. Nimeandika kurasa nyingi juu ya besi hiyo na sikuwa nimewahi kuisikia. Nilikaa tu. Uliporudi nilikwambia nimechoka.

Nitasema. Nimeshakuahidi, huna haja ya kunikumbusha kwa barua.

Josia.


Bariadi,
8 Agosti 2023

Josia,

Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilisikia.

Ahadi yako naijua thamani yake, niliwahi kukuazimisha kitabu. Kwa hiyo siku ya uzinduzi uwe unatupa jicho viti vya nyuma. Huenda nikaja, huenda nisije.

Domitila.


Dar es Salaam,
30 Septemba 2023

Domitila,

Umeshinda. Natumaini umefurahi.

Ukumbi ulijaa. Mkuu wa idara alikuwepo, watu wa ubalozi, wanafunzi wangu. Nilipiga kipande cha pili na nilipiga vizuri, hata wewe huwezi kukana. Watu walisimama. Dkt. Kascher akapanda jukwaani, akanishika mkono wa kushoto akauinua kama wa bondia, akaniuliza kwenye kipaza sauti: "Bwana Mwandu, wazo hili la kuacha kidole cha nne lilikujia vipi?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimeliandaa, zuri, refu, na nitakuambia bila aibu kwamba halikuwa na jina lako ndani yake. Nilifungua mdomo. Ndipo nikakuona. Kiti cha mwisho karibu na mlango, kilemba cha bluu, mikono umeikunja kifuani, umenikazia macho kama siku ile ya kitambaa.

Sikumbuki nilivyoanza. Nyanjige ananiambia nilisema, "Vidole hivi si vyangu." Dkt. Kascher akadhani ni mzaha, akacheka. Nikarudia. Nikasema vya nani, nikasema habari ya kamba, ya kitabu cha jalada la kijani na ya begi lililopotea. Alikuwa bado ameuinua mkono wangu. Aliushusha polepole, akaniuliza, si kwenye kipaza sauti tena, "Na begi?" Nikamwambia lilipatikana.

Hakunipigia kelele. Alirudi akaketi, akatoa kalamu kwenye mkoba, akafungua nakala yake ya kitabu kwenye ukurasa wa jina na kuanza kuandika.

Nilipotazama nyuma ulikuwa umeondoka. Hukuniambia hata kwaheri. Umesafiri njia yote ile kuja kunikaba koo kwa macho, halafu ukaondoka bila hata soda! Hiyo ndiyo roho yako, Domitila. Kavu.

Josia.


Bariadi,
12 Oktoba 2023

Josia,

Sikuja.

Siku hiyo nilikuwa Lalago kwenye msiba wa shangazi. Nimekaa jikoni na wanawake, nikimenya viazi vitamu, na sikukuwaza hata mara moja. Kilemba cha bluu sina. Muulize Nyanjige ni nani aliyekuwa amekaa pale mlangoni.

Domitila.


Dar es Salaam,
26 Oktoba 2023

Domitila,

Nimemuuliza. Alikuwa mama wa vitafunio. Alikuwa anasubiri tumalize hotuba agawe sambusa kabla hazijapoa, ndiyo maana alinitazama vile.

Nyanjige alicheka, kisha akalia, kisha akasema kwamba angalau sambusa zilikuwa nzuri.

Ningejua, ningenyamaza. Naandika hili kwa sababu najua utalisema, basi acha nikuwahi. Ningetoa lile jibu zuri na leo ningekuwa napanga safari. Badala yake mialiko imefutwa, chuo kimeunda kamati, na wanafunzi wangu wakipita koridoni wanakunja kidole cha nne wakidhani sioni.

Dkt. Kascher ameniandikia mstari mmoja tu, kuomba anwani yako. Nimempa. Niliandika jina lako kwa mkono, kwa herufi kubwa na ndogo, vizuri.

Usinijibu.

Josia.


Bariadi,
3 Novemba 2024

Josia,

Uliniambia nisikujibu na nimetii mwaka mzima. Sasa nina jambo.

Kamati yako nimesikia iliisha kwa onyo, na kwamba umerudishwa kufundisha mwaka wa kwanza kusoma noti. Ni kazi inayokufaa. Sikuonei huruma. Ulinidhulumu ukiwa na akili timamu na ukasema kweli kwa bahati mbaya. Nimejaribu kutafuta mahali pa kukushukuru kati ya hayo mawili na sijapaona.

Toleo limechapwa upya. Dkt. Kascher amenitumia nakala, na barua ya adabu akiniomba niweke vidole kwenye sehemu ya piano ya ile trio ya Vessling, ya piano, fidla na selo, ambayo wanaiandaa. Amesema hataki nibadilishe mkono wangu, wapigaji wenye vidole vyote watajitafutia. Nimemjibu nitafanya. Nimemwambia pia tao moja la kuunganisha noti katika kipande cha tano ameliweka mahali pasipo pake, na amekubali. Unaona tunavyozungumza, watu wanaojua.

Nilifungua ukurasa wa jina nikiwa posta, nimesimama. Chini ya Reinhild Kascher wameandika: "Vidole: Dornitila Maige."

Dornitila. M yako, Josia, kwa mwandiko wako mzuri wa herufi kubwa na ndogo, wameisoma kama R na N. Wataalamu hao! Nilicheka peke yangu hadi karani akaniuliza kama kuna habari mbaya.

Jumamosi nikapanda gari kwenda Mwamapalala kwa mama. Siku hizi haoni vizuri. Nilimkuta ameketi nje anapepeta choroko. Nikamwambia, "Mayu, nimechapwa kitabuni, Ulaya." Akafuta mikono kwenye kanga, akakipokea, akakinusa. Hajawahi kujua piano ni kitu gani hasa; anaamini ni aina ya cherehani yenye sauti. Akauliza, "Wameandika nini?" Nikamwambia wameandika jinsi ya kupiga kwa mkono kama wangu.

Akanishika mkono wa kushoto, akakitafuta kile kidole, akakibonyeza taratibu kama walivyokuwa wakinikanda nilipokuwa mdogo. Akasema, "Baba yako lile dume alilichinja wiki ileile. Alikuwa analia. Hakutaka ujue."

Sikuwa najua, Josia. Miaka yote nilidhani aliliuza.

Kisha mama akasema, "Nionyeshe jina." Nikachukua kidole chake nikakiweka juu ya karatasi, nikakitembeza polepole kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Akarudia peke yake, mara kadhaa, huku midomo inacheza.

Sikumwambia kwamba limekosewa.

Domitila